Mjane wa Stesheni Isiyo na Reli

Ukitoka Igamba kwenda Isansa kwa njia ya chini, watu watakuelekeza hivi: fuata mto, panda kidogo, ukifika Stesheni pinda kulia. Usihangaike kutafuta reli. Haipo, na haikuwahi kuwapo. Utakachokiona ni nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma iliyokwisha kuvuliwa bati, na mbele yake tuta refu la mawe lililonyooshwa kwa kamba, sasa limejaa majani. Juu ya tuta lile ndipo abiria wangesimama. Na nyuma ya nyumba ile ndipo Nesta, mke wa Osea, alipoumalizia ujana wake. Nyumba nyingi zimekula watu, lakini kwa njaa au kwa moto. Ile ilimla mtu polepole, huku ikifagiliwa kila asubuhi.

Nesta alizaliwa Isansa, akaolewa na Osea mwaka ule kabla ya nzige. Alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, mtu wa kuangusha mtungi njiani kwa sababu mwenzake amesema neno la kuchekesha. Osea naye hakuwa na mambo mengi. Alipenda kumsikia anacheka, basi. Walijenga kibanda karibu na wazee wake, wakalima ulezi na maharage, wakaanza kungoja mtoto kama watu wote.

Wapimaji walifika kiangazi kile. Alikuwapo Mzungu mwenye darubini ya miguu mitatu, mkalimani wake, na kundi la wapagazi. Wakapigilia vigingi bondeni, wakasema reli itatoka kule kwenye reli ya kati, ipite hapa, ivuke mpaka, iingie Rodeshia mpaka machimbo ya shaba. Osea aliajiriwa kuvuta mnyororo wa kupimia. Baba yake, Enoka, aliwekwa kusimamia tanuru la matofali, maana alikuwa mtu wa makini na sauti yake ilifika mbali.

Siku moja, watu wakipumzika, Enoka alimuuliza Mzungu hiyo treni itabeba nini. Mkalimani akatafsiri, akarudisha jibu: itabeba kahawa, ng'ombe na watu.

"Watu wazima tu?" Enoka akauliza.

Mkalimani alikuwa na njaa, na sufuria ya maharage ilikuwa imeshaepuliwa. Hakumsumbua tena bwana wake. Akajibu mwenyewe, "Hata wafu, mzee. Treni haichagui."

Watu wote wakacheka. Enoka hakucheka. Alilipokea neno lile, akaliweka mahali pake, kama mtu anayepewa mbegu.

Nyumba ikaisha, tuta likaisha, bati zikapigwa. Kisha habari zikaja kwamba huko Ulaya mambo yameharibika na fedha zimekauka. Mzungu akafunga darubini yake. Akamwambia Enoka aingie akae mle ndani na mkewe Ketrina, afyeke majani, asiruhusu mbuzi kupanda juu ya tuta, na kwamba wao watarudi. Hakusema lini. Enoka hakuuliza, maana mtu mzima hamwulizi mgeni atarudi lini. Ni kama kumwambia usirudi.

Basi Enoka na Ketrina wakahamia Stesheni, na Osea na Nesta wakajenga nyuma yake. Nesta hakuwa akiingia katika nyumba ile ya matofali. Katika ukoo wa Enoka, mkwe hamtazami baba mkwe usoni, wala hasimami mlangoni pake. Akitaka kusema naye hupiga magoti pembeni, akageuza uso, akanena na ukuta. Wanawake wa leo watasema huo ni utumwa. Siku zile uliitwa malezi mema, na Nesta alikuwa amelelewa vizuri mno.

Nzige walipokula shamba lote, Osea alikwenda machimboni kwa miguu pamoja na vijana wengine. Alimwambia Nesta, "Nitarudi na treni, nishukie hapa hapa mlangoni kwako." Nesta akacheka mpaka akakaa chini. Kabla mvua ya pili haijaisha, kijana mmoja wa Igamba akarudi kutoka huko akiwa amebeba blanketi la Osea begani. Mwamba ulikuwa umemwangukia shimoni, na wenzake walimzika huko huko, kwenye makaburi ya wafanyakazi.

Nesta alilia kwa namna ambayo Ketrina alilazimika kumshika asijipige ukutani. Alikuwa hata hajafika miaka ishirini, na hakuwa na mtoto.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake kwa mtu aliyefia mbali. Hukatwa shina la mgomba, likaviringishwa mkeka, likazikwa kama mwenyewe. Mjane hufungwa kamba ya gome kiunoni siku ya habari, na shina likishazikwa, baba wa marehemu huikata ile kamba kwa kisu, na msiba unakuwa umeisha. Hapo mjane yuko huru kurudi kwao, au kuolewa, au kubaki. Lakini kamba isipokatwa yeye bado ni mke wa maiti. Hapakati mtoto mchanga wa mtu, hakai kwenye harusi, na akikanyaga nyumba ya baba yake anaileta mauti ndani. Kwa hiyo maisha yote ya Nesta yalining'inia kwenye kisu cha Enoka.

Na Enoka alikataa.

Efraimu, mdogo wake, alikuja kutoka Igamba akiwa na shina la mgomba begani, limeshamenywa vizuri. Enoka akalitazama, akasema, "Lirudishe. Mwanangu si ndizi. Mwanangu atakuja mwenyewe. Reli ikifika nitapanda nikamfukue, nimlete, nimzike kwa mikono yangu."

"Kaka, reli itafika lini?"

"Vigingi vipo. Nyumba ipo. Tuta lipo. Unataka nini zaidi?"

Efraimu alikuwa mdogo, na mdogo hambishii mkubwa mbele ya msiba. Akalichukua shina lake akaondoka nalo.

Mwinjilisti Boazi naye alijaribu. Alimwambia Enoka kwamba mtu aliyebatizwa humaliza msiba kwa sala, mambo ya kamba na migomba ni ya zamani. Enoka, ambaye alibatizwa kabla ya Boazi kuzaliwa, akamwuliza, "Yusufu alipofia Misri alisema nini juu ya mifupa yake?" Hakumngoja ajibu. "Alisema ichukuliwe, ikachukuliwa," Enoka akamalizia. "Tena kwa miguu, jangwani. Mimi nimeahidiwa gari." Mwinjilisti alikunywa uji wake akaenda zake, na hoja ile hakuirudia tena.

Hivyo msiba ukabaki wazi, mwaka ukaja na mwaka ukaenda. Mvumilivu hula mbivu, tumefundishwa. Waliotufundisha hawakutuambia kwamba ukivumilia kupita kiasi tunda huoza mtini, na nzi ndio wanaokula.

Kamba ya gome nayo huoza. Ilipolegea, Ketrina alimfunga Nesta nyingine huku machozi yakimtoka, akimwambia, "Vumilia mwanangu, mzee atachoka." Lakini aliyechoka ni Ketrina mwenyewe. Alifariki kwa homa ya mapafu katika kipupwe kimoja kibaya. Tangu hapo kamba ikioza Nesta alikwenda kijitoni, akabandua gome, akalilowesha, akalisokota, akajifunga kwa mkono wake mwenyewe. Angefanya nini? Kukaa bila kamba, nayo haijakatwa, ni kumtukana Osea hadharani. Watu walimwona akirudi kijitoni na gome lake, wakapunguza sauti, wakampisha njia.

Alimpikia mkwewe. Aliweka chakula kizingitini, akakohoa, akaondoka. Mzee alisubiri hatua zake ziishe, ndipo akatoka. Waliishi hivyo, watu wawili waliopendana kama baba na binti, bila kutazamana. Kwa kweli walipendana, nisimsingizie mzee wa watu. Kiangazi alimfumia vikapu, akaviacha kizingitini, naye akakohoa.

Mika alikuwa mtu wa chumvi. Alitoka Ivuna, kule bondeni wanakochemsha chumvi, akapanda milima na mzigo wake begani, akabadilishana na maharage na ulezi huku Mbozi. Stesheni palikuwa pazuri pa kutua mzigo, kwa sababu ya lile tuta. Hivyo alikaa juu yake, abiria pekee wa stesheni ile, akasema maneno ya ovyo ovyo. Siku moja alisema mke wa kwanza wa mtu wa chumvi huwa ni punda, na Nesta, aliyekuwa akianika ulezi, akacheka. Alishtuka mwenyewe kusikia sauti ile. Alikuwa amesahau kwamba bado anayo.

Mika hakuwa kijana, na hakuwa na mke wala punda. Alimwendea Enoka kwa heshima akaomba. Enoka alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu bila hasira, "Unaniomba mke wa mtu. Mumewe akishafika tukamzika, njoo. Mimi mwenyewe nitakupa." Nyumbani Ivuna mama yake Mika aliapa kwamba mwanamke mwenye kamba hataingia uani kwake ilhali yeye yu hai. Mika akasema atangoja. Aliposema hivyo Nesta aliangalia pembeni, maana neno hilo alikuwa analijua vizuri.

Vita vya Hitla vikaja, vikapita. Malori yakawa mengi kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma. Nesta akapata wazo, akashangaa lilikuwa wapi siku zote. Akapiga magoti pembeni ya mlango, akauambia ukuta:

"Baba, nipe ruhusa niende huko machimboni. Nikachote udongo wa kaburi lake. Tuuzike huo, wewe unikate kamba."

Mzee alikuwa amezeeka, miguu ya kupanda treni yoyote hakuwa nayo tena, na pengine alilijua hilo. Akasema, "Nenda. Ukimwona mwenyewe kaburini, udongo wake nitaupokea." Nesta alirudi kibandani akaanza kufungasha. Mika alipopita alimwambia, na Mika akashika kichwa kwa mikono miwili kwa furaha, akaahidi kurudi kiangazi kinachofuata, aje na wazee wa kwao.

Alipanda lori la mfanyabiashara mpaka Tunduma, akavuka kwa jamaa zake wa ng'ambo. Wakampa mashuka na maelekezo, akaendelea, lori baada ya lori, mpaka machimboni. Huko aliuliza, akauliza tena, mpaka akampata mama mmoja mzee muuza pombe, aliyekuwapo tangu enzi zile. Yule mama alimshika mkono wakaenda pamoja. Walipofika penye uwanja mkubwa wa mawe meusi, akasimama.

"Mayo," akamwambia kwa lugha yao, akimwita mama, "makaburi ya miaka ile yalikuwa hapa. Wakayasawazisha."

Hapo palipokuwa na makaburi palikuwa na reli. Nesta hakuwahi kuiona reli, lakini hakuhitaji kuambiwa. Kwa miaka mingi alikuwa amefagia mahali ilipotakiwa kupita. Akiwa bado amesimama, treni ikaja na mabehewa yake ya mawe ya shaba, ndefu, ikitikisa ardhi mpaka Nesta akaisikia menoni, ikapita juu ya Osea, ikaenda. Alifikiri atalia. Hasira ndiyo iliyokuja. Alipiga magoti akachota udongo kando ya chuma, udongo mweusi wenye mafuta, akaufunga kwenye kitambaa cha kichwa.

Aliporudi mpakani jamaa zake walimshauri vizuri. "Mwambie mzee umeuchota kaburini. Nani atajua?" Nesta aliwaza njia nzima, akikumbatia kitambaa chake katikati ya magunia. Kumdanganya mkwe juu ya maiti ya mwanawe lilikuwa jambo zito. Lakini haikuwa hofu tu. Aliona kwamba ukweli utamsaidia zaidi. Akisikia kwamba treni ndiyo inayomkanyaga mwanawe kifuani, mzee ataichukia. Ataacha kufyeka, ataacha kungoja, atashika kisu. Mtu gani angesikia hayo akaendelea kuipenda reli?

Alifika, akapiga magoti pembeni, akasukuma kitambaa mpaka kizingitini. Akasikia mzee anakifungua.

"Umeuchota kaburini?"

"Kaburi halipo, Baba. Walijenga reli juu ya makaburi. Nimeuchota kando ya reli. Treni inapita juu yake, nimeiona kwa macho yangu."

Nesta alisubiri kilio. Hakikuja. Alisubiri tena, na alipoona hawezi kusubiri zaidi, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: aligeuka akamtazama baba mkwe wake usoni.

Mzee alikuwa anatabasamu. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye ndevu zake nyeupe, na anatabasamu.

"Yuko relini?" akauliza.

"Yuko chini ya reli, Baba. Chini yake."

"Chini, juu, reli ni moja, mwanangu. Yule Mzungu alisema, inatoka huko, inakuja hapa. Basi wameshamweka njiani." Akakifunga kile kitambaa taratibu, akamrudishia. "Huu hatuuziki. Mtu hazikwi vipande vipande. Akifika akakuta tumeshazika kipande chake, tutamwambia nini?"

Nesta akakipokea kitambaa chake. Angesema nini, na neno moja tu la uongo lingetosha, naye alilikataa kwa hiari yake? Mzee aliinuka kwa kushika ukuta, akachukua fyekeo, akaenda kufyeka majani juu ya tuta, akiimba wimbo wa kanisani. Jioni aliomba nyumba isiribwe upya kwa udongo mweupe, maana mgeni yuko karibu.

Kiangazi Mika alikuja kama alivyoahidi, na mzee mmoja wa kwao. Nesta alimweleza yote. Mika alisikiliza akiwa ameinamia mzigo wake.

"Ungemwambia tu umeuchota kaburini," akasema.

"Ningemwambia," Nesta akajibu.

Mika alimwachia fungu zima la chumvi, akapakia lililobaki, akaondoka na mzee wake. Mwaka uliofuata alioa huko huko Ivuna, na tangu hapo akawa anapanda milima kwa njia nyingine. Nesta alikula chumvi ile kidogo kidogo, na ilipoisha alilia peke yake shambani kama mtu aliyefiwa mara ya pili, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Enoka aliishi miaka mingine kadhaa, akizidi kupungua. Mwishoni Nesta aliingia katika nyumba ile ya matofali, desturi au si desturi, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani, akamkausha. Mzee alifumba macho ili wasitazamane. Alikufa asubuhi moja ya masika, na Nesta ndiye aliyemfumba kinywa.

Watu wa Igamba na Isansa walijaa, wakazika kwanza shina la mgomba kwa ajili ya Osea. Kabla jeneza halijatoka, Efraimu, naye sasa ni mzee wa mkongojo, akamwita Nesta mbele ya ukoo, akaomba kisu. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakampa kimoja. Akaipenyeza ncha yake chini ya kamba, akavuta. Ikakatika mara moja, kama uzi. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

"Haya mama," Efraimu akasema, "uko huru."

Nesta aliitazama kamba ikiwa chini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Baba mdogo, nilidhani ni lazima aikate baba yake Osea."

"Nami ni nani?" Efraimu akasema kwa mshangao wa kweli. "Baba mdogo si baba? Katika ukoo wetu mtu hana baba mmoja."

"Kwa hiyo ungeweza kuikata? Siku zile?"

"Ningeikata siku yoyote. Kaka nisingeweza kumtangulia, lakini mjane akija mwenyewe kuomba, hakuna wa kumkatalia. Tulikungoja. Tukaona kila ikioza wewe mwenyewe unakwenda kijitoni, unabandua gome, unajifunga nyingine. Tukasema, huyu mwanamke ndiye hataki. Mapenzi ya namna hii tusiyaingilie." Akageukia watu, akapaza sauti, "Ukoo huu haujapata mkwe kama huyu!"

Watu wakaitikia. Nesta akakaa chini pale pale kwenye udongo, akajishika kiunoni kwa mikono miwili, akalia kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake tangu siku ya blanketi. Wanawake wakamzunguka wakimbembeleza, wakiambiana jinsi alivyompenda yule mzee.